Sita Juu ya Kumi

Mwenye kuchagua nazi huanza vizuri. Huigonga hii kwa ukucha, huitikisa ile sikioni asikie maji yake, huiweka chini, huomba ya tatu. Wenzake wanaolipa na kuondoka huwaona wajinga. Anapokuja kushtuka, fungu limekwisha na mkononi amebaki na koroma, isiyo dafu la kunywa wala nazi ya kukuna. Ndiyo maana tukaambiwa kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hii haimkatazi mtu kuchagua. Inamwonya yule ambaye kuchagua kumemnogea hata akasahau alichokuja kununua. Mtu wa namna hiyo nilimfahamu vizuri, kwa kuwa alikuwa jirani yangu katika mji wetu mdogo wa Nebraska, ambako nazi tunaziona dukani tu. Jina lake lilikuwa Verlin Hruska.

Verlin alikuwa mkaguzi wa mahindi katika maghala ya nafaka kwa miaka thelathini na minane. Lori lilipofika, alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje, akazinusa, akaivunja moja kwa jino, akafumba macho, kisha akatamka daraja. Madereva walimtazama mdomoni kama washtakiwa wanaongoja hukumu. Hakupokea rushwa, hakumpendelea shemeji yake wala mchungaji wetu, na kwa hilo tulimheshimu. Ubaya ni kwamba jioni alipotoka ghalani, alitoka na ukaguzi wake. Alipima mahubiri. Alipima nyasi za majirani, na mimi nilipata saba. Alipima hata keki za misibani, tena marehemu akiwa bado hajashushwa kaburini. Maisha yake yote mtu huyu alilipwa mshahara kwa kutoridhika, na kazi ikamwingia damuni.

Yeye na mkewe, Lavonne, walijaliwa mtoto mmoja tu, Kendra. Binti huyo alipenda jiko tangu udogo, na alipofika umri wa miaka ishirini na saba alifungua mkahawa katika barabara kuu ya mji wetu. Siku ya kwanza tulijaa humo mpaka wengine wakasimama. Kendra alitoka jikoni na bakuli la kwanza kabisa, mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe na viazi, akaliweka mbele ya baba yake kwa mikono miwili. Verlin alionja. Akafumba macho, kama afanyavyo ghalani, nasi sote tukamtazama mdomoni kama wale madereva.

"Sita juu ya kumi," akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Chumvi imetangulia, nyama imechelewa."

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, sitaficha. Kendra alisimama pale na taulo lake begani, uso umemwiva, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo maneno yale yakawa utani wa mji. Mtu akiupita mkahawa ule, atamwambia mwenziwe, "Sita juu ya kumi!" na wote watacheka. Kabla ya mwaka kuisha, mlango ulifungwa. Kendra alihamia Las Vegas kupika katika majiko ya watu, na kwa miaka sita hakusema na baba yake hata neno moja.

Kila Jumapili alimpigia mama yake. Simu ilipolia, Verlin alitoka sebuleni, akaenda kusimama ukumbini, nyuma ya mlango, akisikiliza sauti ya mtoto wake kwa mbali. Alijua kosa lake. Lakini hakujua jinsi ya kulisema, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kulibadilisha daraja alilokwisha kulitamka.

Ndipo katika majira ya kuchipua Kendra akamwambia mama yake kwamba amepata kazi ya mpishi kwenye meli za watalii, na kwamba angekuwa baharini miezi tisa. "Nasafiri Jumapili ya mwisho ya mwezi," alisema. "Njooni kwangu kabla sijaondoka, nitawapikia. Mlete na baba."

Mlete na baba! Verlin aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya mlango. Lakini furaha yake ilikuja na hofu. Akienda kula kwake, ulimi ukiteleza tena je? Akaona heri binti asishike mwiko kabisa siku hiyo. Angempeleka mahali pa kula panapozidi pote, amketishe kama malkia, na chakula chenyewe kiseme ule msamaha ambao yeye hakuweza kuusema. Las Vegas, kila kasino ina bufee yake, unalipa mara moja unakula mpaka ushindwe. Basi wangekwenda siku tatu mapema, azionje moja baada ya nyingine, na Jumapili ampeleke Kendra kwenye iliyoshinda.

"Verlin, mtoto kasema twende kwake," Lavonne alimkumbusha.

"Kwake tutakwenda siku yoyote. Siku hii nataka apate kilicho bora."

Basi zile siku tatu zikawa likizo ya taabu. Verlin alinunua daftari jipya, akachora safu: nyama, mkate, kaa, supu, foleni. Alhamisi waliingia mahali dakika tano kabla ya bei ya mchana kupanda kuwa ya jioni, wakakaa na vikombe vyao vya supu karibu saa nzima, wakingoja miguu ya kaa itolewe. Alikuwa na kanuni zake. Kwanza usishike sahani. Zunguka meza zote mikono nyuma, uone kila kitu, ndipo uamue. Usiguse mkate kabla ya nyama. Usinywe soda, inajaza tumbo. Ijumaa walikula mara tatu, Jumamosi mara tatu. Lavonne alitafuna vidonge vya kiungulia kama peremende, na Jumamosi jioni akaketi mbele ya sahani tupu akisema hawezi hata kutazama kijiko.

"Onja tu hiki kitoweo," Verlin alimsihi. "Nipe namba."

"Namba yangu ni kulala."

Hata hivyo, mshindi alipatikana. Bufee ya kasino iitwayo Mto wa Fedha ilipata nane na nusu. Lavonne akapatana na Kendra kwa simu wakutane hapo Jumapili saa tano na nusu asubuhi. Kendra alisema waziwazi kwamba ni lazima awe ametoka kwake saa nane kasoro robo, kwani jirani yake ndiye angempeleka uwanja wa ndege. Zilikuwa saa mbili na robo tu za kuunganisha kilichokatika miaka sita, na Lavonne alilala usiku ule akizihesabu.

Saa tano kamili walikuwa kwenye foleni ya Mto wa Fedha. Lavonne alivaa gauni lake la Pasaka. Verlin alikuwa amenyoa mara mbili. Mbele yao alisimama mzee mmoja wa Texas mwenye kofia pana, aitwaye Royce, ambaye kila mwaka huja mjini hapo kwa ajili ya kula tu. Alichungulia daftari la Verlin bila kuomba ruhusa.

"Ala! Kumbe nimekutana na profesa! Hapa pamepata ngapi?"

"Nane na nusu. Ndiyo ya kwanza kati ya saba."

"Na unamleta nani?"

"Binti yangu. Hatujaonana miaka sita."

Royce alivua kofia yake, akaishika kifuani. "Miaka sita, halafu unamlisha nane na nusu? Mzee wangu, leo Jumapili! Pale Jumba la Maharamia leo wanachoma mwanakondoo mzima. Mzima, bwana, na figo zake! Hapa wanakula watu wasiojua."

"Mbona wewe uko hapa?" Lavonne aliuliza.

"Mimi mama, jino linaniuma. Hapa nafuata uji."

Lavonne alicheka, ila alipomtazama mumewe kicheko kikamkauka. Alilijua lile jicho. Verlin alikuwa ameshaanza kuutazama ukumbi wa Mto wa Fedha kama lori lenye mahindi mabichi. Akamnyang'anya mkewe simu na kupiga.

"Mama, nimeshaegesha gari," sauti ya Kendra ilijibu ikihema. "Natembea, nakuja."

"Siyo mama. Ni mimi."

Kisha likaja neno moja. "Baba."

Miaka sita alikuwa amelingoja neno hilo nyuma ya mlango! Mtu mwingine angelia papo hapo. Verlin alilimeza harakaharaka, kama mtu anayeogopa sahani yake itaondolewa, akasema, "Kendra, sikiliza, usije."

"Nisije?"

"Usije hapa, namaanisha. Njoo Jumba la Maharamia. Hapa ni nane na nusu tu."

Lavonne alisogeza sikio, na kwa mbali akaisikia pumzi ya mtoto wake simuni. "Baba, nimeshaingia ndani," Kendra alisema polepole. "Nazipita mashine za kamari. Labda dakika tano niwe nimewafikia. Mimi sijali tunakula nini."

"Mimi najali."

"Najua," alijibu Kendra. Kisha akasema, "Haya. Kwa ajili ya mama."

Kasino za mji huo hukaa kama milima. Unaiona hapo mbele, unadhani utaigusa, kumbe utatembea nusu saa. Lavonne alichechemea juani na goti lake baya, akiwa ameshika viatu mkononi mwisho wa safari, na walipofika Jumba la Maharamia ilikuwa imeshapita saa sita. Verlin alikwenda moja kwa moja kwa mwanamke mpokea fedha.

"Mama, niruhusu nizunguke kwanza. Sili, natazama tu."

"Babu, watu wanalipa ndipo wanatazama."

"Dakika mbili. Binti yangu anakuja kutoka mbali."

Yule mwanamke alimwonea huruma, akamfungulia kamba ya mlangoni. Verlin alizunguka, mikono nyuma. Mwanakondoo, ambaye walipoonja hapo mara ya kwanza hawakumkuta, alikuwepo kweli, na figo zake. Lakini mchuzi ulikuwa umeota ngozi juu, mkate ulikuwa umekauka kingo, na alipogusa sahani akaikuta baridi. Aliandika kwenye daftari, akatazama alichoandika, na jasho likamtoka upya. Nane. Alikuwa amemtoa mtoto kwenye nane na nusu akamleta kwenye nane.

"Basi turudi kule," Lavonne alisema alipoambiwa. "Au tukae hapa hapa. Verlin, saa zinakwenda!"

"Ipo moja ambayo hatujaionja."

Aliyoitaja ni Kisima cha Lulu. Mara tatu walikuwa wameijaribu na mara tatu foleni ikawashinda. Hakuna safu hata moja iliyojazwa mbele ya jina hilo kwenye daftari, na kwa Verlin nafasi tupu ilikuwa ahadi. "Huenda ndiyo kumi," alisema. "Na ipo mlango wa pili tu kutoka hapa."

"Huenda," alirudia Lavonne, na akamwangalia kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Kendra alipopigiwa alikuwa amefika kwenye kizuizi cha maegesho ya Maharamia, magari yamemfuata nyuma, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Safari hii sauti yake ilikuwa imepoa. "Baba, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa sita na dakika ishirini."

"Nina saa moja na nusu hivi. Unalijua hilo?"

"Inatosha! Njoo Kisima cha Lulu. Hapo hatuondoki tena, neno langu."

Ndani ya Kisima cha Lulu foleni ilikuwa imezungushwa kwa kamba za mahameli, inakwenda na kurudi na kwenda tena, na ubao mdogo uliwaambia watu kwamba watasubiri dakika sabini na tano. Verlin aliusoma, akaingia. Watu thelathini wakajipanga nyuma yake mara moja, na Lavonne alipogeuka akajiona amebanwa katikati. Kila dakika walisogea hatua moja. Mbele kulisikika sahani zikigongana, na kila kundi lililotoka limejishika matumbo lilimtia Verlin moyo. Saa sita na nusu ikapita. Saa saba kasoro kumi ikapita. Kendra hakutokea.

Simu ikalia. Lavonne aliiwahi kabla ya mumewe.

"Mama, njia ya kuingia maegesho imefungwa, polisi wanarudisha magari," Kendra alisema. "Nimegeuza. Naenda nyumbani. Kutoka hapo ni dakika kumi kwa teksi. Njooni."

"Lakini hata hujala, mwanangu."

"Mchuzi uko jikoni. Nilipika alfajiri. Namjua baba, mama. Nilijua tutaishia kutokula. Njooni tu, vyombo nimeshafunga, ila bakuli tatu nimeziacha nje."

Lavonne aliikata simu, akayarudia maneno yote kwa mumewe, bila kupunguza. Bakuli tatu. Verlin alisikiliza huku macho yake yakiruka kutoka kwa mkewe hadi mbele ya foleni.

"Mpigie umwambie avumilie. Tumebakiza watu arobaini."

"Verlin."

"Arobaini tu! Tukitoka sasa tumepoteza nafasi yetu."

"Nafasi gani?" Lavonne aliuliza. Hakupaza sauti, lakini watu waliokuwa karibu waligeuka. "Nakuuliza, nafasi gani? Mtoto anaondoka saa nane kasoro robo. Miezi tisa! Una umri wa miaka sabini na mmoja, una kifaa kifuani cha kuendesha moyo, halafu unalinda nafasi ya kaa?"

"Si ya kaa," Verlin alijibu. "Siwezi kwenda kula mchuzi ule. Huelewi? Akiniwekea bakuli mbele, akinitazama, mimi nitasema nini?"

"Utasema umeshiba. Utasema asante. Hata usiposema kitu, atakuona umekuja."

Nafikiri hapo ndipo mtu huyu alipokuwa na nazi mkononi, imekomaa, imefuliwa, haimlazimu hata kulipa. Alikuwa na kitu cha kufanya kimoja tu, kuinua ile kamba ya mahameli na kupita chini yake. Mguu wake ulisogea, Lavonne aliuona. Lakini wakati uleule foleni mbele ilikatika, kundi kubwa likaitwa kwa pamoja, na nafasi ya watu kumi na tano ikafunguka wazi.

"Inasogea!" Verlin alipiga kelele. "Umeona? Nenda wewe ukamlete! Dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi. Mtanikuta mezani, kila kitu tayari!"

Lavonne aliinua kamba mwenyewe, akapita chini yake na gauni lake la Pasaka na goti lake baya, akaondoka asigeuke nyuma.

Verlin alifika kwa mpokea fedha saa saba na nusu kasoro kidogo. "Watu wangapi?" akaulizwa. "Watatu," akajibu, "wawili wako njiani." Alilipia watatu. Mhudumu, kijana mwenye tai nyeusi, akampeleka kwenye meza ya watu watatu dirishani, akaacha kikaratasi chenye saa. "Dakika tisini, bwana. Baada ya hapo meza ina wengine."

Safari hii hakuzunguka mikono nyuma. Alichukua sahani na kuanza kupakua kwa ajili yao, akienda na kurudi, akipigana vikumbo na watu. Kwenye sahani ya Kendra aliweka nyama ya mbavu, na kamba wakubwa wa baharini, na zile tambi alizozipenda alipokuwa na umri wa miaka minane. Kwenye ya Lavonne aliweka samaki na viazi vya kuponda. Katikati akajenga kilima cha miguu ya kaa. Kisha akaketi, akaweka simu yake karibu na uma, akatazama mlango.

Saa nane kasoro robo ilifika akiwa anatazama mlango. Alipiga simu ya mkewe, haikupokelewa. Saa nane. Mafuta ya nyama yakaganda meupe. Alivunja mguu mmoja wa kaa ili tu apate la kufanya, akakuta nyama ya ndani bado ina barafu. Jiko lilikuwa limezidiwa na Jumapili, wapishi wakawa wanawatoa kaa kabla hawajayeyuka. Ile ndiyo bufee aliyoipangia foleni ya dakika sabini na tano. Kwa mazoea mkono wake ulichukua kalamu, halafu ukaiacha.

Lavonne aliingia saa nane na dakika thelathini na tano, peke yake, macho mekundu, amekumbatia mfuko wa karatasi. Aliketi. Hakuzitazama sahani.

"Ameondoka?" Verlin aliuliza.

"Ameondoka."

"Mlikula?"

"Tulikula. Tulikaa juu ya masanduku yake, magoti yanagusana. Tulicheka, Verlin. Ana mvi mbili hapa." Akajigusa juu ya sikio. "Ananichekesha vilevile."

Verlin alizisukuma sahani kando. "Aliniuliza?"

"Hakuuliza. Alikuwekea sanduku lako la kukalia, na bakuli lako juu ya dirisha. Kila gari likipita anainuka. Jirani alipopiga honi alimwambia angoje dakika mbili. Akapiga tena, akamwambia mbili nyingine. Mara ya tatu ndipo akaumimina mchuzi wako ndani ya hiki, akanipa." Alitoa kwenye mfuko kibakuli cha plastiki chenye kifuniko. "Akasema, mpe baba. Mwambie asiniambie namba."

Verlin alikifungua. Hata kabla mvuke uliobaki haujamfikia, aliitambua harufu. Alinyoosha mkono kuchukua kijiko, lakini yule mhudumu alikwisha kuinama karibu naye.

"Samahani, bwana. Chakula cha nje hakiruhusiwi humu."

Basi Verlin Hruska akainuka kutoka kwenye meza ya watu watatu, akaziacha mbavu na wale kamba na kilima chake cha kaa, akatoka na kibakuli amekishika kwa mikono miwili. Alipita katikati ya mashine za kamari zinazopiga kelele, akaketi nje juu ya ukingo wa saruji wa jengo la maegesho, na akala. Mchuzi ulikuwa umepoa. Chumvi ilikuwa mahali pake, nyama ilivunjika kwa kijiko. Hakufumba macho. Alilia huku anakula, waziwazi, mzee mzima, na watu walimpita wakivuta masanduku yao.

Alipomaliza alipiga simu ya Kendra kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa imezimwa; wakati huo alikuwa ameshapanda ndege. Alipiga tena, akasikiliza ile sauti ya mashine mpaka mwisho, kana kwamba ingebadilika. Miezi tisa. Halafu akalitoa daftari mfukoni na kalamu, na Lavonne akaufunika mkono wake kwa wake.

"Hakutaka namba," alisema.

"Sitaki kuandika namba," Verlin alijibu. "Nataka kuandika alichoniambia kwanza. Aliniita baba, nami nikamwambia usije."

Wakati huo Royce wa Texas alikuwa anapita kuelekea garini, shavu limemvimba, kofia mkononi. Alipowaona akasimama kwa furaha.

"Haya profesa! Umezimaliza zote nane? Tuambie basi, ipi ndiyo bora?"

Verlin aliutazama ule mji wote wenye kumeremeta, kisha akakitazama kibakuli kitupu magotini mwake.

"Ni ile niliyokaribishwa bure tangu mwanzo," akasema, "na sikwenda."

Royce hakuelewa, akacheka, akaenda zake. Lavonne alielewa, nasi tuliosimuliwa naye kanisani waliporudi tulielewa, na katika mji wetu hakuna tena anayetamka sita juu ya kumi kwa mzaha. Verlin alizionja nazi za watu wote mpaka iliyokuwa yake ikachukuliwa na saa. Mchagua nazi hupata koroma.